Hekalu ambalo Newton alilipima kwa vitabu

Isaac Newton hakuwahi kuvuka bahari. Miaka yake yote 84 iliishia Uingereza: kijiji cha Woolsthorpe alikozaliwa, Cambridge alikosoma na kufundisha, na London alikosimamia kiwanda cha sarafu za serikali. Hata hivyo, katika kitabu chake kuhusu tarehe za falme za kale, kilichochapwa London mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kifo chake, sura nzima ya tano inaeleza Hekalu la Sulemani mjini Yerusalemu, pamoja na michoro mitatu iliyopimwa dhiraa kwa dhiraa (kipimo cha mkono, karibu nusu mita). Utakuta humo upana wa malango, idadi ya nguzo, kimo cha ua mmoja juu ya mwingine na unene wa ukuta wa nje. Aliyeandika hayo ndiye aliyetupa sheria za mwendo na nguvu ya mvutano.

Watu wameichukua kazi hii kwa njia mbili, na nadhani zote mbili zinamkosea. Wa kwanza wanaona aibu. Kwao, Newton wa mwaka 1687 aliyechapisha sheria za mwendo ndiye mwanasayansi, na Newton wa hekalu ni mzee aliyechoka akili. Wa pili wanafurahi kupita kiasi. Wanasambaza video zinazodai kwamba alikuta ndani ya vipimo vya hekalu siri ya mwisho wa dunia, na kwamba siri hiyo inasema 2060.

Nianze na hao wa pili, kwa sababu jibu lao ni fupi. Mwaka 2060 umo kweli katika karatasi za Newton, lakini hakuupata kwa kupima ukuta wowote. Alichukua siku 1,260 zinazotajwa katika Danieli na Ufunuo, akazihesabu kuwa miaka, akaanzia mwaka 800 BK. Tena alieleza wazi kwamba haoni sababu ya mwisho kuja kabla ya hapo, na kwamba aliandika hivyo ili kuwanyamazisha watabiri waliokuwa wakitangaza tarehe ovyo na kuutia unabii aibu kila tarehe ilipopita. Anayelitumia jina lake leo kutangaza tarehe anafanya jambo lile lile alilolipinga.

Hao wa kwanza wanahitaji jibu refu zaidi. Kwanza, hekalu halikuwa kazi ya uzeeni. Mswada wake mkubwa juu ya patakatifu pa Wayahudi, ulioandikwa kwa Kilatini na kujaa michoro na maneno ya Kiebrania, aliuandika zamani kabla ya kitabu cha 1728, na ulikusudiwa kuwa utangulizi wa sehemu ya kamusi ya lugha ya manabii. Hapo ndipo penye sababu yake ya kujishughulisha na jengo. Newton aliamini kwamba maono ya Ufunuo wa Yohana yametandazwa ndani ya hekalu: vinara, madhabahu, uvumba, bahari ya kioo, wazee wanaokizunguka kiti cha enzi. Kama hujui nani alisimama wapi katika ua, sadaka ilichomwa upande gani na kitabu kilifunguliwa na nani, basi unasoma maono hayo kipofu. Kwake ramani ya jengo ilikuwa chombo cha kusomea maandiko, kama sarufi ilivyo chombo cha kusomea lugha.

Unaweza kuikataa imani hiyo. Lakini ukishaikubali kwa muda, hatua inayofuata ni ya mtu mwenye akili timamu kabisa: tafuta vyanzo vyote, vipange, vilinganishe, amua kipi kinaaminika wapi.

Vyanzo vyenyewe vinagombana. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili akifungua 1 Wafalme 6 anakuta nyumba yenye urefu wa dhiraa 60, upana 20 na kimo 30. Akienda 2 Mambo ya Nyakati 3 anakuta ukumbi wa mbele wenye kimo cha dhiraa 120, jambo ambalo lingeufanya uwe mnara mara nne ya kimo cha nyumba yenyewe. Nguzo mbili za shaba, Yakini na Boazi, zina dhiraa 18 kila moja katika 1 Wafalme 7, na 35 katika Mambo ya Nyakati. Kisha yuko Ezekieli, sura ya 40 hadi 42, anayeeleza nyua, malango na vyumba kwa undani usiopatikana penginepo, ila anaeleza maono aliyoyapata uhamishoni Babeli wakati jengo la Sulemani lilikuwa limeshateketezwa. Baada yake kuna Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyeliona kwa macho hekalu la Herode kabla Warumi hawajalibomoa mwaka 70 BK, na kuna kitabu cha Middot katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kinachokumbuka hekalu hilo hilo la Herode kwa vipimo vingine.

Newton alivisoma vyote, na hakusoma kwa uvivu. Mahali pamoja panaonyesha jinsi alivyofanya kazi. Katika Ezekieli 42 matini ya Kiebrania inasema eneo lote takatifu lilipimwa mianzi 500 kila upande. Mwanzi mmoja ni dhiraa sita, kwa hiyo upande mmoja unakuwa dhiraa 3,000, yaani zaidi ya kilomita moja na nusu. Hakuna kilima Yerusalemu kinachoweza kubeba uwanja huo. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, inasoma dhiraa 500. Ukijumlisha vipimo vya ndani alivyovitoa Ezekieli mwenyewe, ua baada ya ua, unafika dhiraa 500. Newton alichora dhiraa 500, na wafafanuzi wengi wa Ezekieli leo wanachora hivyo hivyo.

Tuifuate hesabu yake, maana uzuri wa kazi hii uko hapo na hauonekani kwa kusimuliwa juu juu.

Anaanza na miraba miwili inayopakana, kila mmoja dhiraa 100 kwa 100. Ule wa magharibi una hekalu lenyewe. Ule wa mashariki ni ua wa makuhani, na katikati yake imesimama madhabahu. Kwa pamoja inafanya eneo la dhiraa 200 kutoka magharibi hadi mashariki na 100 kutoka kaskazini hadi kusini. Upande wa magharibi unafungwa na ukuta tu. Pande tatu nyingine anaziongezea sakafu ya mawe yenye upana wa dhiraa 50, ambako majengo ya makuhani yalisimama. Sasa eneo ni 250 kwa 200. Nje yake pande zote nne anaweka ua wa watu, upana dhiraa 100, na eneo linakuwa 450 kwa 400. Mwisho anaweka tena sakafu ya dhiraa 50 pande tatu, magharibi ikibaki na ukuta. Jumla: 500 kwa 500.

Sasa itafute madhabahu. Kutoka ukingo wa magharibi: 100 za ua wa watu, 100 za mraba wa hekalu, 50 hadi katikati ya ua wa makuhani. Hiyo ni 250. Kutoka mashariki: 50 za sakafu, 100 za ua, 50 za sakafu ya ndani, 50 hadi madhabahuni. Ni 250. Kaskazini na kusini nako ni 250. Moto wa sadaka uko katikati kamili ya uwanja wote, ingawa majengo hayakupangwa sawa pande zote, kwa kuwa magharibi hapana sakafu. Sidhani mtu anaweza kuifuata hesabu hii kwa penseli asifurahi. Malango nayo, upana dhiraa 25 na urefu 50 pamoja na kumbi zake, yanakaa mkabala na madhabahu hiyo upande wa mashariki, kaskazini na kusini.

Ili kuona nidhamu iliyomo, mlinganishe na mtangulizi wake mkubwa. Juan Bautista Villalpando, Mjesuiti kutoka Hispania aliyefunzwa na Juan de Herrera, msanifu wa kasri la El Escorial, alichapisha Roma kati ya 1596 na 1605, pamoja na Jerónimo de Prado, ufafanuzi wa Ezekieli wa majuzuu matatu. Michoro yake ni ya fahari ya ajabu. Hekalu lake lina nyua tisa zilizogawanywa kama gridi, na kuta zake zimepambwa kwa kanuni za usanifu wa Kirumi alizozieleza Vitruvius, msanifu wa Roma ya kale, kana kwamba Mungu alimfundisha Sulemani usanifu ambao Ulaya ya karne ya 16 iliupenda. Kwa zaidi ya miaka mia picha ile ndiyo iliyotawala macho ya Ulaya. Rabi Jacob Judah Leon wa Amsterdam alitengeneza mfano wake wa mbao katika miaka ya 1640, tofauti kabisa, na watu walilipa kuutazama. Kila mmoja alichora hekalu lililofanana na mji wake.

Newton alimheshimu Villalpando kwa bidii yake, kisha akamfutia nyua saba. Aliandika kwamba Sulemani alijenga nyua mbili tu, kwa kuwa maandiko yanataja mbili. Hakuchora mapambo ya Kirumi. Kitabu cha 1728 kinatoa ramani za chini na mpangilio wa majengo, si sura ya mbele yenye nakshi. Pale ambapo vyanzo vilinyamaza juu ya uzuri wa ukuta, naye alinyamaza. Mimi naona thamani kubwa katika kunyamaza huko, na ninashangaa jinsi waandishi wanaoisifu au kuibeza kazi hii wanavyopita bila kukutaja.

Kuhusu dhiraa yenyewe kuna kisa kinachostahili nafasi zaidi. Dhiraa ni kipimo cha mkono wa binadamu, na watu wa Pwani waliopima kitambaa kwa mkono wanajua kuwa mkono wa muuzaji na wa mnunuzi si mmoja. Wayahudi walikuwa na dhiraa ya kawaida na dhiraa takatifu iliyozidi kwa upana wa kiganja, kama Ezekieli 40:5 inavyoeleza. Ilikuwa na urefu gani kwa inchi? Newton aliandika risala juu ya swali hili, iliyochapwa mwaka 1737, na njia yake ilikuwa kukibana kipimo kati ya mipaka: isizidi hapa, isipungue hapa. Alitumia mwendo wa Sabato wa dhiraa 2,000, alitumia vipimo vya mataifa jirani, na alitumia Piramidi Kuu ya Misri.

Piramidi ilikuwa imepimwa na John Greaves, mtaalamu wa nyota wa Oxford, aliyekwenda Misri mwishoni mwa miaka ya 1630 na kuingia ndani kabisa na vifaa vyake. Greaves alipata upana wa chumba cha mfalme kuwa futi 17.19. Newton alijiuliza swali la mwashi: waliojenga chumba hiki walikusudia dhiraa kamili ngapi? Akajibu kumi. Basi dhiraa ya Misri ni futi 1.719, yaani karibu sentimita 52.4. Wataalamu wa Misri ya kale leo, wakiwa na vijiti halisi vya kupimia vilivyochimbuliwa makaburini, wanaiweka kati ya sentimita 52 na 53. Mtu aliyekaa mezani Uingereza aliipata karibu kabisa.

Dhiraa takatifu ya Wayahudi haikumtii hivyo. Katika risala ile aliifikisha karibu inchi 25. Katika kitabu cha 1728 anaitaja kuwa inchi 21 na nusu, karibu 22. Tofauti hiyo ni kubwa. Ukitumia ya kwanza, uwanja wa dhiraa 500 una mita 317 kila upande. Ukitumia ya pili, mita 273. Sababu ya tofauti kati ya Misri na Yerusalemu iko wazi kwangu. Misri palikuwa na chumba cha mawe kilichosimama, na mtu mwenye kipimo mkononi aliyekigusa. Yerusalemu palikuwa na vitabu vinavyorejelea vitabu. Akili ilikuwa ile ile, uangalifu ule ule, na matokeo hayakuwa sawa kwa sababu upande mmoja ulikosa kitu cha kuisahihisha hesabu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomtetea Newton kupita kiasi. Ramani yake ni usomaji bora wa Ezekieli. Si ramani ya jengo la Sulemani. Aliziunganisha mbili hizo kwa sababu aliamini mpango ni mmoja tangu mwanzo: Daudi anamkabidhi Sulemani mfano alioupokea kwa Roho, kama 1 Mambo ya Nyakati 28 inavyosema, na hema la Musa lilikuwa mfano huo huo kwa nusu ya vipimo, dhiraa 30 kwa 10 badala ya 60 kwa 20. Kama mpango ni mmoja, basi pengo la 1 Wafalme laweza kuzibwa na Ezekieli, na la Ezekieli kuzibwa na Yosefo. Kila chanzo kinakuwa shahidi wa jengo moja. Lakini Ezekieli hakuwa akikumbuka tu. Alikuwa akiwatakia watu wake uwanja ulio mtakatifu kuliko ule walioupoteza. Herode alijenga miaka zaidi ya 500 baadaye, kwa fedha na ladha ya zama za Warumi. Kuwafanya wote washuhudie nyumba moja ni kuamua jibu kabla ya kuwasikiliza.

Na liko jambo lililomvutia kuelekea hapo, ambalo karatasi zake ambazo hakuzichapisha zinalionyesha. Newton aliamini kwamba dini ya kwanza ya wanadamu, ile ya Nuhu na wanawe, iliabudu katika viwanja vyenye moto katikati, na kwamba viwanja hivyo vilikuwa mfano wa ulimwengu: moto ni jua, na vinavyouzunguka ni mbingu zake. Mbingu zote, kwake, ndizo hekalu halisi la Mungu. Ukisoma hilo kisha ukirudi kwenye ile 250 kwa 250, unaelewa kwa nini madhabahu ya katikati ilimgusa moyo. Hesabu ya Ezekieli inaileta pale bila kulazimishwa, hilo nalisisitiza. Lakini mtu anayepata katika maandiko umbo lile lile aliloliona angani ana sababu chache sana za kuendelea kutilia shaka.

Imani hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye kosa lake kubwa zaidi. Mwaka 1725 alimwambia rafiki yake William Stukeley kwamba hekalu la Sulemani lilitangulia mahekalu yote makubwa, kwamba Sesostris, mfalme wa Misri, alijenga yake kwa kuliiga, na kwamba Wagiriki walipata usanifu wao huko. Ili hilo liwezekane alibana historia ya Misri, akamfanya Sesostris kuwa Shishaki wa Biblia, wa karne ya 10 KK. Tangu Mfaransa Champollion alipovunja fumbo la maandishi ya Misri mwaka 1822, msimamo huo hauna pa kusimama. Hekalu la Karnak huko Misri lilikuwa na umri wa karne nyingi kabla ya Sulemani kuzaliwa.

Hekalu la Sulemani lilikuwa na ndugu, ila si wale aliowadhania. Biblia inasema mafundi walitoka kwa Hiramu mfalme wa Tiro, na ardhi imeelekeza upande huo huo wa kaskazini. Tell Tayinat, kusini mwa Uturuki ya leo, wachimbaji walikuta katika miaka ya 1930 hekalu refu lenye sehemu tatu: ukumbi wenye nguzo mbili, chumba kikuu, na chumba cha ndani kabisa. Ain Dara nchini Syria, iliyochimbwa katika miaka ya 1980, ina mpangilio wa aina hiyo hiyo, na simba waliochongwa kwenye mawe. Hiyo ya Ain Dara iliharibiwa vibaya na mashambulizi ya ndege Januari 2018. Yerusalemu kwenyewe hakujapatikana jiwe lolote linaloweza kuthibitishwa kuwa la nyumba ya Sulemani. Kilima kile ni Haram al-Sharif kwa Waislamu na Mlima wa Hekalu kwa Wayahudi, na kuchimba pale ni jambo ambalo hakuna upande unaoweza kulifanya bila kuwasha moto.

Weka basi vipimo ubavuni mwa vingine. Nyumba ya 1 Wafalme, kwa dhiraa ya Misri, ina mita 31 na nusu kwa 10 na nusu, ukubwa ambao msharika wa kanisa la mjini Tanzania au Kenya angeuona wa kawaida kabisa. Uwanja wa Newton, mita 273 kila upande, una zaidi ya hekta saba. Mji wa Daudi wa karne ya 10 KK, kwa makadirio ya wanaakiolojia wengi, ulikuwa na hekta chache tu, pungufu ya hizo. Ua wa hekalu ungekuwa mkubwa kuliko mji uliolijenga. Newton hakuwa na njia ya kulijua hilo, kwani uchimbaji wa mji huo ulianza zaidi ya karne moja baada yake. Sisi tunayo.

Karatasi zake zilitawanyika mwaka 1936 familia iliyozirithi ilipozinadisha London. Mwanauchumi John Maynard Keynes alinunua nyingi za alkemia, ile elimu ya kale ya kugeuza madini kuwa dhahabu, na msomi Abraham Yahuda alikusanya nyingi za dini, ambazo sasa ziko Maktaba ya Taifa ya Israeli. Keynes, baada ya kusoma alizozipata, alimwita Newton mchawi wa mwisho. Sentensi hiyo imependwa mno na imeharibu mengi. Mchawi hakai kulinganisha Kiebrania na Kigiriki ili kuamua kama ni mianzi au dhiraa, wala hagawi upana wa chumba cha Greaves kwa kumi. Mswada wa Kilatini wa patakatifu ulichapwa mwaka 1996 pamoja na tafsiri ya Kihispania, na sura ya 1728 inasomeka kwa Kiingereza chepesi. Ni kurasa chache, na anayejua kujumlisha anaweza kumkagua mwenyewe.